Usimtukane Mtoto Ukimchana Nywele

Jumapili mchana pita katika mitaa ya Mangobo au Kabondo hapa Kisangani, utawaona uani kwao. Mama ameketi kwenye kigoda, binti yake yuko mkekani, kichwa kimebanwa katikati ya magoti. Kesho ni shule, na shule inataka nywele zisukwe bila meshi, yaani bila nywele za kuongeza. Mama amepaka mafuta mgongoni mwa mkono wa kushoto. Anayachota kidogo kidogo kwa kidole huku akipasua njia kwa mkia wa kitana. Mtoto analia. Hapo ndipo maneno yanapotoka: "Tulia! Nywele gani hizi, ngumu kama waya! Umezirithi kwa shangazi zako. Tazama za mdogo wako, laini, hazinisumbui."

Mama huyo si mkatili. Ametoka sokoni, bado hajapika, na mkono umemchoka. Yeye mwenyewe aliambiwa hivyohivyo na mama yake. Lakini mtoto wa miaka mitano hajui habari za uchovu. Anachosikia ni kwamba kichwani mwake kuna kasoro, kwamba kasoro hiyo inamsumbua mtu anayempenda kuliko wote, na kwamba mdogo wake hana kasoro hiyo. Atalisikia somo hilo wiki baada ya wiki hadi amalize shule. Ninaamini kwamba mengi tunayohangaika nayo sisi wanawake wa Kisangani tukishakuwa watu wazima, kama kushindwa kufungua mlango bila wigi, kuvumilia dawa inayochoma, kuficha utosi uliopata upara, yanaanzia pale kigodani. Na pale pale yanaweza kusahihishwa, bila fedha nyingi, kwa mkono na kwa kauli.

Wanasaikolojia wawili Weusi wa Marekani, Kenneth Clark na mkewe Mamie, walilionyesha jambo hili miaka ya 1940. Waliwapa watoto Weusi wanasesere waliofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi mzuri, yupi mbaya, na yupi anafanana na wewe. Wengi walisema mzuri ni yule mweupe. Walipofika kwenye swali la mwisho, baadhi yao waliangua kilio. Utafiti huo ulitumika katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoharamisha ubaguzi wa rangi shuleni. Hapa kwetu, mwanasesere wa plastiki anayeuzwa sokoni bado ana nywele ndefu za manjano zilizonyooka. Mtazame binti yako anavyomchana: anamchana kwa upole ambao yeye mwenyewe hajawahi kufanyiwa.

Basi tuanze na mkono. Nywele zetu hazikuumbwa kuchanwa zikiwa kavu. Kila unywele umejikunja mara nyingi, na kila mkunjo ni mahali dhaifu. Ukivuta kitana kutoka kwenye ngozi kwenda chini, mafundo yote yanasukumwa pamoja hadi yanakatika, na mtoto anaumia kwa maumivu ya kweli, si deko. Nyunyizia maji kwanza. Paka mafuta kidogo. Gawa kichwa sehemu nne, au sita kama nywele ni nyingi, na zile usizoshughulikia zifunge pembeni. Shika fungu karibu na ngozi kwa mkono mmoja ili mvuto usifike kichwani, kisha kwa mkono mwingine anza kufungua mafundo kutoka nchani, kwa vidole, halafu kwa chanuo lenye meno mapana, ukipanda polepole kuelekea shinani. Hakuna siri nyingine. Ukifanya hivyo kazi ambayo ilikuwa vita kila Jumapili inakuwa mazungumzo, na mara nyingi inakwisha mapema zaidi, kwa sababu humfukuzi mtoto uani.

Kisha kauli. Usimlinganishe mtoto na ndugu yake juu ya nywele, hata kwa utani, na hasa usimtaje yule mwenye nywele laini kana kwamba amekutendea hisani. Mwambie kile unachokifanya: sasa ninapasua njia, sasa ninafika nyuma ya sikio, hapa patavuta kidogo. Mpe kioo mkononi. Mwulize anataka njia ziende mbele au zizunguke. Akisema panauma, legeza. Mtoto anayejifunza kwamba kichwa chake kina haki ya kutoumizwa atakuja kumwambia msusi vilevile akiwa na miaka ishirini. Na ukimaliza, usiseme tu "sasa umekuwa mzuri", kwa maana hapo umemwambia kwamba dakika kumi zilizopita hakuwa mzuri. Sema mtindo umekupendeza.

Kuna sifa moja inayonitia hofu kila ninapoisikia. Mtoto mdogo anapita, nywele zake zimekuwa nyepesi, zimenyooka, zina wekundu fulani, na jirani anamsifu: "Huyu ana nywele za kizungu!" Mama wa mtoto anafurahi. Jamani, mtazameni vizuri huyo mtoto. Nywele zilizokuwa nyeusi na za kujikunja zikigeuka kuwa nyekundu, laini na chache, na ukivuta kidogo zinatoka bila maumivu, huo waweza kuwa kwashiorkor, utapiamlo ambao Kivu wanauita bwaki. Bonyeza mgongo wa mguu wake kwa kidole gumba. Kama panabaki shimo, maji yamejaa mwilini. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Tumezoea kusifu ulaini kiasi kwamba tunaweza kuusifu ugonjwa, na sijui ushahidi mkubwa kuliko huo wa jinsi macho yetu yalivyopotoshwa.

Yalipotoshwa na nani? Watu wengi hapa husema nywele zetu hazikuwahi kuwa na uzuri mpaka dawa na meshi zilipofika. Wengine, hasa vijana wa chuo kikuu, wanasema kinyume chake: kila anayeongeza nywele amesaliti Afrika. Pande zote mbili ningependa ziende hadi Isiro, huko Haut-Uele. Hadi mwaka 2015 Haut-Uele na jimbo letu la Tshopo zilikuwa ndani ya jimbo moja, Province Orientale, na huko kaskazini wanawake wa Kimangbetu walikuwa na mtindo ambao dunia nzima imeujua: kichwa kilichorefushwa tangu utotoni kwa kukifunga kamba, na nywele zilizopandishwa nyuma zikafunguka juu kama feni. Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Mbunza mwaka 1870 akaiandika mitindo ya nywele za huko kwa mshangao. Msafara wa magari ya Citroën uliokatiza Afrika mwaka 1924 na 1925, ukapitia hata hapa Kisangani, wakati huo Stanleyville, ulimpiga picha mwanamke mmoja wa Kimangbetu aitwaye Nobosodru, mke wa chifu Ekibondo. Sura yake ikazagaa Ulaya katika mabango na michoro. Na jambo ambalo vijana wetu hawaambiwi: Schweinfurth alieleza kwamba mitindo ile ilijazwa nywele za kuongeza, na kwamba nywele hizo zilikuwa bidhaa ya kununuliwa. Kwa hiyo meshi haikuja na meli. Mwanamke wa huku alikuwa akiongeza nywele kabla Stanley hajakanyaga hapa, ila alizijenga juu ya zake, kwa umbo alilolitaka, ili azidi kuonekana alivyo.

Nalikumbuka pia jambo la upande wa pili. Tanzania, mwishoni mwa mwaka 1968, vijana wa TANU, chama tawala, walitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na mikorogo vingekuwa marufuku. Waliita hilo kulinda utamaduni. Kabla hata ya tarehe hiyo kufika, vikundi vya wanaume viliwavamia wanawake mitaani Kariakoo. Shule za misheni zilikuwa zimewanyoa wasichana kwa jina la usafi. Wanaume hawa wakawavua mawigi kwa jina la uhuru. Mwanamke hakuulizwa mara zote mbili. Ndiyo sababu sitakwambia, dada, choma wigi lako. Ninachokuomba ni kwamba ujue nani anaamua juu ya kichwa chako, na ujue gharama kabla ya kulipa.

Gharama ya kwanza ni dawa ya kulainisha, defriza. Kazi yake ni kuvunja viungo vya ndani ya unywele vinavyoufanya ujikunje, na vikishavunjika havirudi. Ile kali ina soda kostiki, soda ileile ambayo mama zetu wachemsha sabuni wanaichanganya na mafuta ya mawese, na unajua wanavyoogopa isiwarukie mkononi. Ile inayoandikwa kwamba haina soda hutumia kemikali nyingine, ambayo nayo ni kali vya kutosha kuunguza. Kwa hiyo ukihisi kuchomwa, ngozi inaungua. Haimaanishi kwamba dawa "inashika". Msusi anayekwambia vumilia dakika tano zaidi mwambie aoshe sasa hivi. Usipake siku ambayo umejikuna au umetoka kufumua rasta, kwa sababu ngozi ina vidonda usivyoviona. Usirudie juu ya nywele zilizokwisha kulainishwa. Zinazohitaji dawa, kama unaitaka, ni zile zilizoota tu. Na mtoto usimpake kabisa. Hapo sina mjadala na mtu.

Kuna na lile la saratani, ambalo limesambaa mitaani likiongezewa chumvi. Linalojulikana ni hili. Mwezi Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kati yao 378 walipata saratani ya mji wa mimba. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, makadirio yalikuwa asilimia 1.64 wangeipata hadi umri wa miaka 70; kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na kama ulitumia zamani usikose usingizi. Lakini kama unapaka kila baada ya wiki nane, una sababu nzuri ya kupunguza au kuacha.

Kusuka nako kuna gharama, na hii nataka niiseme taratibu kwa sababu ndiyo inayowaumiza wengi zaidi hapa mjini na ndiyo isiyotajwa. Mtu ametoka kusuka rasta, hawezi kuinua nyusi, analala kifudifudi, amemeza paracetamol mbili, na kesho watu wanamwambia amependeza. Mvuto ule unang'oa mizizi. Dalili zinakuja kwa mpangilio: kwanza maumivu, kisha vipele vidogo kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, kisha vinywele vifupi vilivyokatika ukingoni, mwisho ukingo wenyewe unarudi nyuma na ngozi inakuwa laini, inang'aa. Katika hatua za mwanzo nywele zitarudi ukiacha kuvuta. Ikifika ngozi kung'aa, mzizi umekwisha kufa, na hakuna mafuta ya sokoni yatakayoufufua, hata muuzaji akiapa.

Kwa hiyo: ukingo wa mbele uachwe nje au usukwe kwa nywele zako tu. Njia ziwe nene kuliko zile unazoziona kwenye picha. Meshi iwe nyepesi na isifike kiunoni. Kama unasuka rasta, wiki sita hadi nane zinatosha, halafu pumzisha kichwa kwa mitindo ya uzi au mabutu makubwa kabla ya kurudia. Usiweke wigi la gundi juu ya ukingo ambao umeanza kupungua. Unaficha kidonda kwa kitu kinachokiongeza. Na ukishikwa na maumivu usiku ule wa kwanza, fumua zile za mbele. Najua fedha zimekwenda. Fumua.

Wasusi wetu wa sokoni nao wanastahili neno. Wengi wao ni wanafunzi, au mama wanaolea peke yao, na mteja ndiye anayewaambia "kaza, isije ikafumuka mapema". Ukitaka msusi alegeze, mwambie kabla hajaanza, wala usimlaumu rasta zikidumu wiki tano badala ya kumi.

Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, mvua hainyimi, na hewa ina unyevu karibu mwaka mzima. Hilo ni jambo jema kwa nywele zetu, ambazo adui yake mkubwa ni ukavu, ila lina madhara yake: nywele zilizosukwa hazikauki upesi. Ukiosha jioni ukalala nazo mbichi, au ukafunga kilemba juu ya kichwa chenye maji, baada ya siku chache kuna harufu na kuwashwa. Osha asubuhi, siku ya jua, ili umeme ukikatika usiwe unategemea mashine ya kukausha. Kwa dada zetu Waislamu na kwa mama wa vikundi vya sala wanaofunga kitambaa kutwa nzima, funga kikiwa kikavu, usikaze kwenye paji la uso, na ndani yake weka kitambaa laini cha satini ambacho fundi cherehani yeyote atakushonea kutoka kwenye mabaki. Hicho hicho kinafaa kulalia.

Maji ya mvua ni hazina. Acha mvua isafishe bati kwanza, kisha kinga. Ni maji mepesi, hayaachi ukavu. Sabuni ya mche ya kufulia ni kali mno kwa kichwa. Tafuta shampuu ya kawaida, hata ya bei ndogo, kila wiki moja au mbili, na usugue ngozi badala ya nywele. Kisha mafuta. Bibi zetu walitumia mafuta ya mise, yaani ya kokwa za michikichi, yale meusi yenye harufu ya kukaangwa, na yanafaa sana, mradi ukumbuke kwamba mafuta hayaleti unyevu, yanauzuia usitoke. Maji kwanza, mafuta baadaye. Mwenye mba asizidishe mafuta kwenye ngozi, kwa sababu vijidudu vya mba hula mafuta. Aulize duka la dawa shampuu yenye ketokonazo. Mtoto mwenye mabaka ya duara yaliyokatika nywele ana mapunye, na mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka tu. Yanataka vidonge kutoka kwa mganga wa kituo cha afya, na vitana vya nyumbani vichemshwe.

Umeamua kuacha dawa? Una njia mbili. Kuzinyoa zote uanze upya, au kusubiri zile za asili ziote huku ukipunguza ncha kidogo kidogo. Njia ya pili inataka uvumilivu, kwa kuwa pale nywele mpya zinapokutana na zile zilizolainishwa ndipo zinapokatika. Mitindo ya uzi inasaidia kuzishika bila kuzivuta. Nywele zetu huota kiasi cha milimita 8 kwa mwezi, pengine kidogo zaidi, na zikikauka hujikunja zikaonekana nusu ya urefu wake. Baada ya mwaka zitakuwa na urefu wa kidole, na kwa kuzitazama utadhani ni nusu kidole. Jua hilo mapema usije ukakata tamaa mwezi wa tano.

Kilicho kigumu zaidi ni watu. Mwanamke akinyoa hapa, swali la kwanza ni "umefiwa na nani?", maana tunanyoa kwa matanga. La pili ni kama unaumwa. La tatu halisemwi mbele yako. Usianze safari hii wiki ya harusi ya ndugu yako, wala siku unapokwenda kutambulishwa kwa wakwe. Chagua kipindi cha utulivu. Tafuta rafiki mmoja aliyekwisha kupita huko, utembee naye siku za mwanzo. Tayarisha jibu moja fupi na ulirudie kwa watu wote bila kulipamba: "Sijafiwa, asante, nimezipumzisha." Kwa mama mkwe, mtangulie, mwambie kabla hajaambiwa na wengine, tena kwa heshima, "Mama, kichwa kilikuwa kinaniuma na nywele zinakatika, nimeona ninyoe." Wazee wengi huelewa lugha ya afya haraka kuliko lugha ya utambulisho, nawe hudanganyi.

Na ile siku utakapojitazama kwenye kioo usijitambue, ambayo karibu kila mtu anaipata, usiifanyie uamuzi. Uso umezoea fremu ndefu, unahitaji muda. Vaa hereni, vaa kitenge kizuri, toka nje. Aibu ya namna hii haipungui kwa kujificha ndani. Inapungua pale unapotoka, unauziwa samaki, unapanda baiskeli ya toleka, unaketi kanisani, na ulimwengu hauanguki.

Ofisini ni suala jingine, na sitaki kudanganya kwamba ni rahisi. Marekani kwenyewe, taasisi iitwayo Perception Institute ilikuta mwaka 2017 kwamba mwanamke Mweusi mmoja kati ya watano anahisi analazimika kunyoosha nywele kwa ajili ya kazi. Mwaka huohuo Lupita Nyong'o, Mkenya mwenye tuzo ya Oscar, alilalamika hadharani baada ya jarida la Grazia la Uingereza kuzihariri nywele zake kwenye picha ya jalada, zikafutwa na kulainishwa. Kama yeye alifanyiwa hivyo, binti anayetafuta kazi ya mapokezi hapa Makiso hana kinga. Ushauri wangu ni wa hesabu: nenda kwenye usaili na nywele zako zikiwa safi, zimesukwa au zimefungwa kwa unadhifu, usiwape kisingizio; wakikupa kazi, jifunge unavyotaka baada ya wao kuijua kazi yako. Kama kazi yenyewe itakutaka wigi na nyumba yako inahitaji mshahara huo, vaa wigi, vua ukifika nyumbani, na usikubali mtu yeyote akuhubirie.

Shule ninaitazama kwa namna tofauti. Amri ya kukataza meshi kwa wanafunzi naiunga mkono, kwa sababu inamlinda mtoto wa mzazi asiye na kitu. Lakini mwalimu anayemwita mtoto "kichaka" mbele ya darasa, au anayemkata nywele kwa mkasi kama adhabu, huyo wazazi mwendeeni, si mmoja mmoja bali kamati ya wazazi, kwa utaratibu. Mambo haya yanabadilika watu wakisimama. Wasichana wa Pretoria High School for Girls walisimama mwaka 2016, na masharti ya nywele ya shule yao yakasimamishwa. Nairobi, mwaka 2019, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba shule ilikosea kumfukuza msichana Mrastafari kwa sababu ya nywele zake.

Tahadhari kwa wale ambao wamekwisha kuzipenda nywele zao. Simu zimeleta wanawake wenye mawimbi makubwa yanayong'aa wakitufundisha "nywele za asili", pamoja na chupa saba za kununua. Kipilipili hakitafanya mawimbi yale. Ukianza kulia kwamba nywele zako za asili si za asili ya kutosha, umehama nyumba moja ya aibu ukaingia nyingine yenye kodi kubwa zaidi. Kipilipili kifupi kilichooshwa na kupakwa mafuta ni mtindo uliokamilika.

Kuna wanawake ambao hawana nafasi ya kuchagua, kwa kuwa nywele zimetoka zenyewe. Mama aliyejifungua, mtoto akifika miezi mitatu hivi, anaona nywele zinabaki mkononi kwa mafungu. Hajarogwa, wala maziwa hayamwibii nywele. Ni jambo la kawaida baada ya uzazi na zitarudi ndani ya mwaka. Homa kali na njaa huleta hali hiyohiyo. Lakini upara unaoanzia utosini na kupanuka kidogo kidogo, ukiwa na kuwashwa au kuungua, usisubiri: nenda ukaonwe, Cliniques Universitaires au hospitali ya karibu yako, kwa sababu huo hauachi mizizi na dawa zake hufaa mapema tu. Kwa aliyekwisha kupoteza, sisi wengine tuache kumshauri mafuta mapya kila tunapokutana naye. Wigi lake si udanganyifu.

Na uwaangalie wale wanaoacha kuchana kabisa. Tangu mapigano ya Lubunga, ng'ambo ya mto Kongo, yaanze mwaka 2023, wengi wamevuka mto wakiwa wamepoteza watu na nyumba, na wengine miongoni mwetu wamebeba mizigo isiyo na mapigano ndani yake. Mwanamke aliyekuwa nadhifu akikaa wiki nyingi kichwa kimeshikana, kitambaa kilekile, haendi sokoni, usimcheke wala usimwambie "jipende". Nenda kwake na chanuo, maji na mafuta. Keti nyuma yake kama atakubali, anza nchani, usiharakishe. Watu husema wakiwa wamegeuziwa mgongo mambo ambayo hawayasemi uso kwa uso. Mwulize analala vipi, anakula nini, kama kuna siku anatamani asiamke. Swali hilo la mwisho liulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, acha nywele zilivyo, mwambie mtu mmoja wa nyumbani abaki naye, na siku hiyohiyo mwende pamoja kwa mganga wa kituo cha afya. Mkirudi, mmalizie upande uliobaki.